Berlin na watoto: sisi tunalipia kiingilio, wao wanakumbuka pampu ya maji. Tunakosea wapi?

#1 MamaWedding

Wadau, salaam. Naomba tusaidiane hili, hasa mlio Berlin na watoto.

Nina wawili, binti wa miaka tisa na kijana wa mitano. Mwezi uliopita nilipata Jumamosi isiyo na zamu, nikasema leo ni yao. Asubuhi tukaenda mahali pa kulipia, jina naliacha, pana taa na vioo na mashine za kubonyeza. Mchana tukala nje. Mpaka jioni nimetumia euro 80 na ushee. Wakati wa kurudi mdogo akaanza kulia, basi tukasimama dakika ishirini kwenye kiwanja cha michezo karibu na nyumbani, kile chenye pampu ya chuma. Unavuta mkono juu, chini, maji yanatoka, yanashuka kwenye mfereji wa mbao mpaka mchangani.

Jumatatu pale Kita, chekechea ya mdogo, wakaambiwa wachore wikiendi yao. Mwanangu kachora pampu. Pampu, dada yake kalowa miguu, na mimi nimesimama pembeni na begi. Mahali pa euro 80 hapamo hata kwa mstari mmoja.

Sijakasirika, ila nimewaza sana. Jumamosi kama ile naipata mara moja kwa mwezi. Nauliza mawili: kwa nini inakuwa hivi? Na nyie wenzangu mnawapeleka wapi?

#2 FundiMoabit

Dada, hebu hesabu: kule ndani waliambiwa "usiguse" mara ngapi? Kwenye pampu hakuna aliyewaambia. Mtoto anakumbuka kwa mikono.

Wangu nikimpeleka Technikmuseum pale Gleisdreieck, lile jengo lenye ndege juu ya paa, vichwa vya treni vya zamani anavipita kama vibanda vya soko. Akifika Spectrum, jengo la jirani ambako kila kitu unakisukuma na kukizungusha mwenyewe, hapo mimi natafuta pa kukaa, maana najua hatutoki leo.

#3 BintiTanga

Namba 2, soma tena uzi. Dada kasema kulikuwa na mashine za kubonyeza. Kwa hiyo waligusa, na bado hawakukumbuka.

Mimi naona ni tofauti ya kubonyeza na kutengeneza. Ukibonyeza, mashine inafanya kazi yake ileile aliyoifanyia mtoto wa kabla yako. Ukivuta pampu, maji ni yako. Unaweza kuyaziba, kuyapeleka kwa mwenzio, kumwagia dada yako. Kesho ukirudi, mfereji uliouchimba wewe umebomoka, unachimba mwingine.

Kwa swali la pili: AnoHa, kule Kreuzberg, ng'ambo ya barabara kutoka Makumbusho ya Kiyahudi. Ni safina ya Nuhu ya mbao, kubwa, ya duara, ndani ya lililokuwa soko la maua. Ilifunguliwa 2021. Wanyama wote wametengenezwa kwa vitu vilivyotupwa, na watoto wanawapanda, wanaingia matumboni mwao. Ni kwa wa miaka mitatu hadi kumi, na ni bure. Chukua nafasi mapema mtandaoni, hasa siku za mvua.

#4 MzeeSpandau

Wanangu, mimi nimelea watatu mji huu na sasa ninao wajukuu. Tatizo lenu ni ratiba. Mnatoka nyumbani mmeshapanga saa nne hapa, saa sita pale, saa nane kule. Mtoto anaburutwa. Pampu haikuwamo kwenye ratiba, ndiyo maana ameipenda. Mimi wangu nilikuwa nawapandisha basi namba 100 pale Zoo, ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, mpaka Alexanderplatz. Walikuwa wanadhani wao ndio wanaoendesha. Tiketi ya kawaida, na mji wote umepita mbele ya macho yao.

Halafu Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho mengi ni bure, msisahau.

#5 Nyota_ya_Pankow

Shikamoo mzee. Hiyo ya Jumapili ya kwanza ilishakufa. Ilianza Julai 2021, ikasimama Desemba 2024 jiji lilipopunguza fedha za utamaduni. Nilifika mlangoni na watoto watatu Januari iliyofuata, nikaambiwa ndiyo hivyo tena.

Kilichobaki ni hiki: makumbusho ya taifa, yakiwemo ya kile kisiwa cha Museumsinsel, hayamtozi aliye chini ya miaka 18. Unalipa wewe mzazi tu.

#6 MzeeSpandau

Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kunisahihisha.

#7 AbiriaWaU6

MamaWedding, wewe una treni ya U6 hapo hapo mlangoni na unauliza pa kwenda? Shuka kituo cha Naturkundemuseum, tembea dakika chache Invalidenstraße, ingia. Ukumbi wa kwanza tu utamkuta ndugu yetu wa Lindi amesimama, mita 13 na sentimita 27 kwenda juu. Ndiyo mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani. Chini ya miaka sita hawalipi. Jumatatu wamefunga, usije ukasema sikukwambia.

Binti yangu alipoambiwa huyu katoka Tanzania, alilala chini sakafuni ili amwone vizuri. Watu wanampita, yeye kalala tu. Nilimwacha.

#8 MtuWaMnazimmoja

Namba 7 umenigusa pabaya na pazuri kwa pamoja. Mimi kwetu ni Lindi, ngoja niandike kidogo.

Tendaguru ni kilima, kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913. Vitabu vingi vinaandika kwamba mhandisi mmoja wa madini ndiye "aliyegundua" mifupa ile miaka michache kabla. Wenyeji walikuwa wanapita juu yake siku zote, na bila wao kuonyesha asingejua pa kuinamia.

Sasa fikirini mwaka wenyewe. Vita vya Maji Maji vilikuwa 1905 hadi 1907, na baada ya vita ikaja njaa, maana mashamba na maghala yalichomwa. Watu waliobaki ndio hao walioajiriwa, mamia kwa mamia, wake kwa waume. Wachimbaji wanachimba, wapagazi wanabeba. Mifupa ilipakwa plasta, ikafungwa, ikabebwa vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Mzigo wote uliofika Berlin ni zaidi ya tani 200. Tani 200 za vichwa na mabega ya watu.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake liko kwenye kumbukumbu, ila mtoto akisoma jina la kisayansi la yule mjusi, brancai, anakutana na Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho Berlin. Mimi wanangu nimewafundisha wamwite mjusi wa Boheti. Darasani kwao walimu wameshazoea.

Kwa hiyo mama, ukienda, usiende kuangalia urefu tu. Wahadithie wabebaji. Mtoto anaelewa uzito. Mpe begi la shule lililojaa, mwambie atembee nalo kuanzia kituo cha treni hadi mlangoni.

#9 Tarimo_Steglitz

Mkuu namba 8, shukrani, hii nimeihifadhi.

Nyongeza ndogo kwa wanaotaka kuwaeleza watoto ukweli wote: si kila mfupa mnaouona pale juu ni wa asili. Mwili umeunganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja. Kichwa kilicho juu ni nakala, na mifupa ya uti wa mgongo pia ni ya kutengenezwa, maana ya kweli ni mizito mno na inavunjika upesi. Miguu ndiyo ya kuangalia. Alisimamishwa kwanza 1937, akapangwa upya 2007 kwa mkao wa kisasa, miguu imenyooka, si ile ya kutanuka kama mjusi wa ukutani.

#10 AbiriaWaU6

Kichwa nakala? Nimeshawaambia wageni wangu wote kutoka nyumbani kwamba ni cha kweli. Itabidi niwapigie simu mmoja mmoja.

#11 Sharifa_B

Samahani nitoke nje ya mstari kidogo. Namba 8, mtoto wa miaka mitano unamwambiaje habari za vita na njaa siku ya matembezi? Mimi najiuliza kwa nia njema. Kuna siku nilimweleza mwanangu mambo ya wakoloni, usiku hakulala, akaniuliza kama watakuja kwetu. Siku ya kutoka niliiachia raha. Historia iko shuleni na iko ukubwani.

#12 MtuWaMnazimmoja

Sharifa, kama wewe hukumwambia, makumbusho yatamwambia kwa namna yake, na mwalimu kwa namna yake. Mimi nataka asikie kwangu kwanza. Lakini sipingani nawe kuhusu usiku. Wa mitano mwambie wabebaji walikuwa na nguvu na walichoka sana. Wa tisa mwambie yaliyobaki.

#13 Nyota_ya_Pankow

Na huyo mjusi arudishwe Tanzania au asirudishwe? Najua swali hili limewahi kufika hata bungeni Dodoma.

#14 MtuWaMnazimmoja

Fungua uzi wake, dada, nitakuja na viti. Huu ni wa watoto.

#15 Otis_wa_Kisumu

Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, niko Tempelhof miaka saba. Nimesoma zote na naona mmeruka kitu kimoja. Tazameni mkono wa mzazi. Mahali pa kulipia, mkono umeshika simu, tunataka picha, "simama hapo, cheka, tena." Mama kasema kwenye ule mchoro yeye amesimama pembeni na begi. Ona basi: mtoto kamchora. Hakumchora na simu. Zile dakika ishirini alikuwepo.

Weekendi zetu ni Tempelhofer Feld. Ilikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa Oktoba 2008, mwaka 2010 wakafungulia watu. 2014 kukapigwa kura ya wananchi, wakakataa usijengwe. Zaidi ya hekta 300, hakuna gari, hakuna mti wa kugonga. Mtoto wangu alijifunza baiskeli kwenye njia ya ndege yenyewe. Njia ya karibu kilomita mbili, lami tupu. Unamwachilia, unamwona anakuwa kidoti, unamwona anarudi. Siku ya upepo leta tiara, mwezi Septemba anga lote linajaa.

Nyama unachoma sehemu zilizotengwa tu.

#16 FundiMoabit

Otis, hiyo ya mwisho umeiandika kwa unyenyekevu sana kwa mtu ambaye mwaka jana moshi wake ulifika Kreuzberg.

#17 Otis_wa_Kisumu

Mbuzi alikuwa mzito, ndugu. Na wewe ulikula mbavu mbili, usisahau hilo.

#18 BintiTanga

Rudini kwenye mada, nyama baadaye. Otis, hoja yako nzuri ila haielezi yote. Mimi situmii simu kabisa nikiwa na watoto, na bado wangu anakumbuka mchanga kuliko makumbusho ya Pergamon yenye vigae vya buluu. Nilimpeleka kabla hawajaifunga kwa matengenezo. Alichokumbuka ni ngazi.

#19 MwanaHesabu_Lichtenberg

Naomba nikae kwenye hela, maana wengine tunahesabu.

Usafiri: chini ya miaka sita bure. Mwanafunzi wa shule ya Berlin ana kadi ya bure ya usafiri, eneo A na B, tangu Agosti 2019. Kwa hiyo familia ya MamaWedding inamlipia mama peke yake. Mkienda Potsdam mnaingia eneo C, hapo mwenye kadi ya shule anahitaji tiketi ya kuongezea. Mimi sikujua, mkaguzi akatukuta, euro 60.

Bustani ya wanyama: watu wanakimbilia Zoo ya mjini, ya mwaka 1844, ya zamani kuliko zote Ujerumani. Nzuri, lakini jaribuni Tierpark kule Friedrichsfelde, U5 inakushusha mlangoni. Ilifunguliwa 1955 upande wa Mashariki, hekta 160, na kiingilio chake ni nafuu kuliko cha Zoo. Uwanja wenyewe ni mkubwa mno hivi kwamba watoto wanakimbia kati ya mnyama na mnyama. Mimi wangu nadhani wanakwenda kwa ajili ya hizo mbio.

#20 Sharifa_B

Namba 19, mimi nilikuwa najua ukiwa na tiketi ya mwezi wikiendi unaweza kuchukua watoto watatu bure?

#21 MwanaHesabu_Lichtenberg

Inategemea tiketi, dada. Ile ya mwezi ya zamani ya VBB, shirika la usafiri la huku, inaitwa Umweltkarte, ndiyo, jioni na wikiendi unachukua mtu mzima mmoja na watoto mpaka watatu. Deutschlandticket, ile tiketi ya nchi nzima, haibebi mtu mwingine. Wengi walihama wakaenda kwenye Deutschlandticket bila kujua hilo.

#22 MamaFuraha_Neukölln

Jambo bandugu. Miye natoka Bukavu, mutanisamehe Kiswahili yangu, ni ya kwetu.

Nasoma hapa munasema kugusa, ratiba, simu. Miye naona kintu ingine. Mutoto wangu wa kwanza iko na miaka kumi na moja. Kila fasi tunaenda, ni yeye anasoma kibao. Ni yeye anauliza bei. Mutu wa tiketi akisema kintu, ananiangalia miye kidogo, halafu anaangalia mutoto. Ile siku yote haiko mutoto, iko mukalimani wangu. Iko anaogopa asikosee. Jioni kichwa inamuuma.

Kwa mchanga hakuna mutu anamuuliza kintu. Mutoto wa Kituruki, wa Kiarabu, wa Kijerumani, wote wanachimba, hakuna luga. Ile siku anaweka kazi chini.

Tangu nilielewa hii, nilianza kujifunza maneno kumi mbele ya kutoka. Naandika kwa karatasi. Siku ile miye mwenyewe niliomba tiketi, "ein Erwachsener, zwei Kinder", mutoto alishika mukono yangu hakusema kintu. Ile siku mpaka leo anaikumbuka. Haiko pampu, haiko nyama.

#23 BintiTanga

MamaFuraha, nimesoma mara tatu. Mimi nilikuwa huyo mtoto, Hamburg, miaka ya tisini. Sikuwahi kuwa na neno la kuiita ile hali. Ahsante mama.

#24 MzeeSpandau

Mama Furaha, Mungu akubariki. Mke wangu marehemu alijifunza Kijerumani kwa kuuliza bei ya viazi sokoni, mwanetu mkubwa akiwa kamshika sketi. Nimekumbuka mbali.

#25 Kapteni_Altona

Kwa kuwa BintiTanga kaitaja Hamburg: sisi huku tuna bandari nzima, mtoto anatazama meli za makontena bure siku nzima, na kivuko namba 62 ni tiketi ya kawaida. Nyie mnagombania pampu.

#26 AbiriaWaU6

Tulijua utakuja, kapteni. Berlin tuna vivuko pia, ila hatupigi honi.

#27 MzeeSpandau

Tena kipo kizuri. F10, kutoka gati la Wannsee, karibu na kituo cha S-Bahn, mpaka Alt-Kladow. Dakika ishirini juu ya maji, tiketi ya A na B inatosha, ni usafiri wa kawaida wa mji. Upande wa Kladow kuna nyasi na bata. Mimi nawachukua wajukuu, tunavuka, tunakula maandazi, tunarudi. Siku ikiwa na jua panga foleni mapema, baiskeli ni nyingi.

Na kule Rahnsdorf, mashariki, kuna F24. Hicho kinapigwa makasia na mtu, kama mtumbwi wa kwetu. Kinafanya kazi miezi ya joto tu, siku za wikiendi na sikukuu. Mjukuu wangu alimwuliza mwenye makasia kama anachoka. Akacheka, akampa kasia ashike.

#28 Zuhura_Köpenick

Mmeongea majira ya joto tu. Novemba mpaka Machi mnafanyaje? Hapo ndipo familia zinagombana, nyumba ya vyumba viwili, giza saa kumi jioni.

Sisi tunategemea FEZ, kituo cha watoto kule Wuhlheide. Ilijengwa 1979, wakati wa Ujerumani Mashariki, ikiwa kasri la vijana wa chama. Sasa ni ya watoto wote: bwawa la kuogelea, karakana, jukwaa. Pembeni yake kuna reli ndogo ya msituni, Parkeisenbahn, tangu 1956. Huko watoto ndio wafanyakazi. Wanakata tiketi, wanaongoza treni iondoke, wamevaa sare na kofia. Msimu wa reli ni wa joto, ila binti yangu alimwona msichana wa umri wake kashika kibao cha kuondosha treni, akaganda. Sasa ana miaka kumi na anafanya mafunzo pale. Kila Jumamosi anaamka kabla yangu, anapiga pasi sare mwenyewe.

Kwa wadogo, Labyrinth, makumbusho ya watoto ndani ya kiwanda cha zamani cha mashine za kutengenezea viberiti pale Osloer Straße. MamaWedding, hiyo ni kwenu kabisa. Watoto wanavua viatu mlangoni. Chukueni soksi nene.

#29 FundiMoabit

Zuhura umeniunga mkono bila kusema. Sare, tiketi, kasia la mzee namba 27. Mtoto anataka kazi, hataki burudani. Ndiyo maana Kolle 37, kule Prenzlauer Berg, inajaa. Wanapewa nyundo na misumari, wanajenga vibanda vya mbao ghorofa mbili tatu, na wazazi hukaa nje. Wangu alirudi na kidole cheusi na furaha ambayo sijaiona Krismasi.

#30 Sharifa_B

Kidole cheusi tena? Jamani.

#31 BintiTanga

Kazi, sawa, lakini MamaFuraha kasema kinyume: wake alichoshwa na kazi. Mmoja anataka kupewa kazi, mwingine anataka kuwekewa kazi chini. Nafikiri hapa hatuna jibu moja.

#32 Tarimo_Steglitz

Kwa wenye watoto wakubwa kidogo, wanaosoma: nendeni Brunnenstraße 193, Mitte, karibu na Rosenthaler Platz. Chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna kijiwe cha shaba, Stolperstein, cha kumkumbuka mtu aliyeteswa na Wanazi. Kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana hapa kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904. Alikuwa mhudumu wa mgahawa, mwigizaji wa filamu, na alifundisha Kiswahili chuo kikuu hapahapa Berlin. Alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Vijiwe vya aina hii viko maelfu mjini. Wanangu wanavitafuta wakitembea, wanasimama, wanasoma kwa sauti. Safari ya dakika kumi inachukua saa nzima, nami siwaharakishi. Hiki cha Brunnenstraße tunakisugua kwa kitambaa kila mwaka. Mdogo ndiye mwenye kitambaa.

#33 Sharifa_B

Huyu sikuwahi kumsikia. Naishi vituo viwili kutoka hapo. Kesho napita.

#34 MamaWedding

Wadau, samahani nilipotea, zamu za usiku. Nimesoma yote. MamaFuraha, nilisoma ya kwako ndani ya basi nikalia. Binti yangu ndiye anayejibu barua zetu.

Jumamosi iliyopita tulitoka. Niwape ripoti.

Asubuhi mjusi wa Boheti. Nilifanya kama namba 8 alivyosema, begi la shule, vitabu vyote ndani, binti kalibeba kutoka kituoni. Njia nzima hakulalamika. Alipofika mbele ya mguu wa yule mjusi akaweka begi chini, akaniuliza, "Na walilipwa?" Nikamwambia walilipwa kidogo sana. Akakaa kimya. Mdogo yeye alimpenda Knut, yule dubu mweupe wa Zoo aliyekufa 2011, yupo humo amehifadhiwa. Kila baada ya dakika tano ananiuliza kama amelala. Tiketi niliomba mimi, kwa karatasi yangu.

Mchana tukapanda tena U6 kurudi juu, tukashuka Rehberge. Miaka minne niko huku Wedding, sehemu hii ya Berlin, sikuwahi kutembea mitaa ile: Tanga, Usambara, Sansibar, Uganda, yote imeandikwa kwenye vibao. Binti akawa anasoma kama orodha ya shangazi zake. Tukafika Maji-Maji-Allee. Zamani ilikuwa sehemu ya Petersallee, walibadilisha Agosti 2024. Mdogo hajui kusoma vizuri, ila dada yake alipotamka tu, "Maji Maji," akaruka. "Mama! Maji yako wapi?"

Nikamwambia hapa hakuna pampu. Akasema mbona wameandika. Basi tukakaa kwenye ukingo wa njia, nikatoa chapati, nikawahadithia Kinjikitile wa Ngarambe na maji aliyowapa watu wajipake ili risasi zigeuke. Sharifa, nilikukumbuka. Sikusema yote. Mdogo akauliza, "Ziligeuka?" Nikasema hapana. Akafikiri, akasema labda yalikuwa machache.

Dada yake akamwambia hayakuwa machache.

Tukaingia bustani ya Rehberge, wakawaona nguruwe mwitu na kulungu kwenye uzio, wakakimbia mpaka giza. Jumla nilitumia kiingilio changu na cha binti, basi. Jumatatu Kita, kachora. Nimeulizwa na mwalimu hii ni nini: watu wengi wadogo wamebeba mfupa mmoja mkubwa, na pembeni, pampu.

#35 MtuWaMnazimmoja

Mama, kama utaruhusu, piga picha mchoro huo unitumie. Nataka kuupeleka Lindi.

#36 FundiMoabit

Pampu imo! Nilisema mimi.

#37 Nyota_ya_Pankow

Hukusema pampu, ulisema "usiguse".

#38 MamaWedding

Wiki mbili zijazo nina Jumamosi nyingine. Watoto wamechagua F10 ya mzee. Nani anakuja? Gati la Wannsee, saa nne asubuhi. MamaFuraha, tafadhali njoo na wako, binti yangu anataka kumwona mtu mwenye kazi kama yake.

#39 MamaFuraha_Neukölln

Tutakuya. Miye nitaleta karatasi yangu.

#40 Otis_wa_Kisumu

Nakuja na watoto wawili na mbuzi robo, tayari amechomwa, hakuna moshi.

#41 MzeeSpandau

Chukueni masweta. Ziwani kuna upepo hata Julai.